Kamba ya Upande wa Ukutani

Pale kwenye kona, mkabala na duka la dawa, kuna kibanda cha mabati ambacho mtu mzima hawezi kusimama ndani bila kuinamisha kichwa. Mwenye kibanda alikuwa fundi viatu, na wateja walimwita Soli. Jina lenyewe hakulichagua. Alipewa na kinamama wa sokoni, kwa sababu ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu habari za soli.

Hakuwa na kiburi. Mdomo wake ulikuwa mzito tu. Kwa miaka yote ya ndoa yake mkewe ndiye aliyemsemea. Mgeni akija nyumbani, mke anaongea, Soli anaitikia kwa kichwa. Wakialikwa mahali, mke anasimulia, Soli anacheka pale panapostahili kucheka. Watu walizoea. Mkewe mwenyewe alikuwa akiwaambia, "Huyu maneno yake yote nayatunza mimi. Ukiyataka, njoo uniombe."

Kisha mkewe akaugua katika msimu wa joto, na kabla joto halijaisha akafariki.

Soli alirudi kibandani mapema kuliko watu walivyotarajia. Wateja walikuja na sura za huzuni, wakainama mlangoni. "Pole sana, fundi. Pole kwa yaliyokupata." Naye akasema, "Asante," akakigeuza kiatu. "Hiki kinataka kisigino kipya." Hakuwa anajikaza. Ukweli ni kwamba hakusikia kitu. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu unakufa ganzi, anaugusa kama anagusa mguu wa mtu mwingine. Ndivyo alivyokuwa, kuanzia utosini hadi nyayoni. Siku moja sindano ya kushonea ilimwingia kwenye kidole gumba, na hakujua mpaka alipoona tone jekundu juu ya kiatu cheupe cha mteja. Alikisikitikia kiatu.

Nyumbani kwake kulikuwa na sebule, chumba cha kulala, na jiko dogo lisilo na dirisha. Tangu msiba, Soli alilala sebuleni, kwenye kochi. Mlango wa chumbani aliufunga. Aliufungua asubuhi tu, akaingia kwa haraka kama mwizi, akachukua shati lililotundikwa kwenye msumari, akatoka. Kochi lilikuwa fupi, miguu ikaning'inia, na mgongo ukaanza kumuuma. Hilo nalo alilijua tu, kama mtu anavyojua kwamba nje kuna mawingu.

Binti yake, ambaye alikuwa mtoto wake wa pekee na aliishi mji mwingine akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, alikuja kumtazama bila kutoa taarifa. Alimkuta baba yake amelala kwenye kochi na viatu miguuni. Jikoni hakukuwa na kitu isipokuwa majani ya chai na sukari iliyoganda.

"Baba, hivi ndivyo unavyoishi?"

"Naishi vizuri."

"Vizuri? Hili kochi limeshapata shimo la ubavu wako! Kitanda kiko wapi? Kimekimbia?"

Soli akatazama mlango wa chumbani, kana kwamba labda kweli kitanda kimekimbia.

Binti yake aliketi mkabala naye. Alirithi ulimi wa mama yake, hakuwa mtu wa kuzunguka. "Sikiliza, baba. Kwangu kuna nafasi. Nyumba hii tutaipangisha, kuna mwenzangu kazini ana ndugu anayetafuta. Jumamosi ijayo nakuja na begi, unafungasha, tunaondoka. Siwezi kukuacha ulale hivi kama abiria aliyekosa gari."

Soli alitaka kusema hapana. Hapana yenyewe ilikuwepo, aliiona ikipita mbali, lakini hakuipata sauti yake. Hakujua hata kama anaipenda nyumba. Kitu kimoja tu alikijua: chini ya kitanda, chumbani, kuna boksi, na akiondoka, boksi lile atalifungua mpangaji.

"Nangoja feni," akasema.

"Feni gani?"

"Ya mama yako. Haijafungwa. Ikifungwa, nitalala chumbani."

Binti alimtazama kwa muda. Pengine aliona ni kisingizio, na kweli kilikuwa kisingizio. Lakini yalikuwa maneno mengi zaidi kuliko aliyoyasikia kwa baba yake tangu msiba, na akayaheshimu.

"Sawa," alisema. "Jumamosi nikikuta feni inazunguka na wewe unalala kitandani, begi linarudi tupu. La sivyo, unakuja nalo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Sasa kuhusu hiyo feni. Chumba kile kilikuwa na joto la tanuri, na katikati ya dari palikuwa na sehemu moja tu ya umeme, iliyoning'iniza balbu. Soli alitaka pale pafungwe pangaboi, ile feni ya darini, apate upepo. Mkewe alitaka taa, kwa sababu alipenda kushona vifungo na kutarizi akiwa kitandani. Kila mwaka joto likianza, ugomvi ulianza nao. "Upepo bila taa, nitashona kwa harufu?" "Taa bila upepo, tutaiva." Mpaka siku moja mkewe akaona dukani feni yenye taa yake katikati, chini ya mapanga. Alimburuta Soli akaione. Pale dukani ilikuwa na vikamba viwili vya mnyororo, kimoja cha feni, kingine cha taa. Mkewe, ambaye alikuwa mfupi, alijinyoosha kwa vidole vya miguu, akaruka, hakukifikia.

"Hiki utaniongezea urefu," alimwambia mumewe mbele ya watu. "Nikivute nikiwa nimelala. Wewe si fundi wa nyuzi?"

"Nitakuongezea," Soli akasema.

Waliinunua. Wiki ile ile mkewe akaanza kuugua, na boksi likaingia chini ya kitanda.

Ijumaa alasiri shemeji yake alikuja kuifunga. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, fundi umeme, mtu mwenye kitambi na mdomo usiopumzika. Kabla hajaingia ndani, sauti yake ilishaketi sebuleni.

"Hodi humu! Shemeji yangu bubu yupo?"

"Karibu, shemeji."

"Aa, kumbe unaongea! Nilitaka kuja na mkalimani." Akaegemeza ngazi ukutani, akamkumbatia Soli kwa mkono mmoja, akamwachia haraka. "Haya, mgonjwa wetu yuko wapi?"

Soli akafungua mlango wa chumbani. Hewa ya mle ndani ilikuwa ya kufungiwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kimegusana na ukuta kwa upande mmoja. Huo ulikuwa upande wa mkewe. Mto wake ulikuwa bado na alama. Shemeji aliutazama mto huo. Kisha akapiga makofi kama anayefukuza kuku.

"Tusaidiane kusukuma kitanda! Nikianguka niangukie sakafuni kama mwanaume."

Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akapanda ngazi, akaugusa waya wa dari kwa testa kuhakikisha umekufa. Balbu akaitoa. Akagonga dari kwa kiganja, huku na huku.

"Hii ni dari ya bodi tupu. Ukiitundika feni hapa, itakaa mpaka siku utakayokuwa chini yake. Inataka mbao."

Alipanda darini kupitia tundu la barazani, na kwa muda mrefu Soli alisikia nyundo juu ya kichwa chake na shemeji akilaani buibui. Alipigilia mbao nzito kati ya boriti mbili, akashuka amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Usinicheke."

"Sijacheka."

"Najua. Ndicho kinachoniuma."

Wakafungua boksi. Mapanga yalikuwa bado yamefungwa karatasi, skrubu ziko kwenye kimfuko chake, kikombe cha kioo cha taa kimelala kwenye pamba. Shemeji aliyapanga yote juu ya godoro, akahesabu kwa kidole, akakunja uso. Akatikisa boksi, akalichungulia.

"Balbu haipo. Humu pana nafasi ya balbu, na haipo. Wamemwibia dada yangu!"

Soli aliitazama ile nafasi tupu. Ilikuwa ya mviringo, ndogo kama yai. Akakumbuka jioni moja alipoingia jikoni akakuta mwanga umebadilika, umekuwa wa manjano. "Hii taa umeitoa wapi?" aliuliza. "Nimeazima," mkewe akajibu akikoroga sufuria. "Umeazima kwa nani?" "Wewe kaa ule."

Soli akaondoka, akaenda jikoni, akasimama juu ya kigoda, akaizungusha ile balbu. Aliporudi nayo mkononi, shemeji aliitazama, akaitazama nafasi ya boksi, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada yangu huyu! Amejiibia mwenyewe! Miezi yote hii unakula kwa mwanga wa wizi!"

Shemeji alicheka, alicheka sana, halafu kicheko kikawa kinatoka kwa namna nyingine, akajifuta uso kwa shati lenye vumbi, akabaki na michirizi ya matope. Soli alisimama na balbu yake. Alimwonea wivu. Yeye mwenyewe hakucheka wala hakulia. Alihisi tu kwamba balbu ilikuwa nyepesi.

"Haya, njoo unishikie huyu," shemeji alisema akiinuka.

Soli akapanda kwenye meza na kuinua mota ya feni juu ya kichwa, shemeji kwenye ngazi akiunganisha nyaya. Mota ilikuwa nzito. Mikono ilianza kutetemeka, kisha ikachoma, kisha moto ukashuka hadi mabegani.

"Kaza, shemeji. Usinidondoshee."

"Inauma," Soli akasema, kwa mshangao.

"Lazima iume, unadhani ni kandambili hiyo?"

Akiwa bado anasokota nyaya, shemeji akaeleza. "Sikiliza vizuri. Hii nyeusi ya feni, hii ya buluu ya taa. Lakini ukutani kwako una swichi moja na waya mmoja unaokuja. Kwa hiyo naziunganisha pamoja. Ukiwasha mlangoni vinawaka vyote, ukizima vinakufa vyote. Ukitaka upepo bila taa, utavuta kikamba cha taa. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Kuchimbua ukuta niongeze swichi ni kazi ya siku nyingine."

"Vikamba vinatosha."

Umeme uliporudishwa, Soli alibonyeza swichi. Mapanga yalianza polepole kama mtu anayekumbuka kitu, yakashika mwendo, na taa ikamwaga mwanga wa manjano wa jikoni juu ya kitanda. Pazia likainuka. Shemeji alivuta kikamba cha feni mpaka mwendo wa katikati, akasema hapo pasiguswe tena. Alikataa chai. Mlangoni alishika bega la Soli.

"Lala humo, shemeji. Ukilala kwa binti yako utakuwa mgeni mpaka unazeeka."

Alipoondoka, jua lilikuwa bado lipo. Soli alirudisha kitanda ukutani. Kikamba cha taa kiliishia juu, mbali na mtu aliyelala. Akaleta kikapu chake cha kazi.

Alichukua uzi wa nta, ule wa kushonea soli, akausuka nyuzi tatu kwa tatu mpaka ukawa kamba nyembamba iliyokaza. Akaifunga kwenye mwisho wa mnyororo kwa fundo lisilofunguka. Akapigilia kikulabu kidogo ukutani, juu ya mto, akaipitisha kamba humo ili ishuke kando ya kichwa cha mlalaji. Mwishoni akaitundikia kipande cha ngozi alichokikata umbo la kisigino kidogo, kiwe cha kushikia. Urefu wake aliupima kwa jicho. Fundi viatu anaishi kwa vipimo vya watu. Aliijua mikono ile, alijua inafika wapi mwenyewe akiwa amelala chali. Akakata. Akavuta mara moja, taa ikazima na feni ikaendelea. Akavuta tena, ikawaka. Ilikuwa kazi safi. Akazima mlangoni, akafunga mlango, akaenda kulala kwenye kochi.

Binti yake alifika Jumamosi mchana na begi kubwa la magurudumu. Soli alilisikia likigonga kizingiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Feni?"

"Ipo."

Aliingia chumbani, akabonyeza swichi, akatazama juu mapanga yakizunguka. Uso wake ulilegea. Kisha akatazama shuka. Hakuna mfuaji mashuka wa hospitali anayeshindwa kujua shuka lililolaliwa.

"Jana ulilala humu?"

Uongo ulikuwa karibu na ungemtosha. "Hapana," Soli akasema.

"Tulielewana, baba."

"Tulielewana."

Binti alivuta pumzi, akalaza begi juu ya kitanda, akafungua zipu. Akaanza kutoa mashati kwenye misumari, moja moja, akiyakunja vizuri. Hakuwa na hasira. Alikunja kama mtu wa kazini. Soli aliyatazama mashati yakipungua ukutani. Alingoja kusikia uchungu, hakusikia. Alichosikia ni mikono tu, yale maumivu ya jana ya kushikilia mota, bado yapo mabegani.

"Subiri," akasema.

"Nisubiri nini?"

Soli akaketi kitandani. Akavua viatu, akavipanga pamoja, akalisogeza begi hadi ukingoni, akalala. Alilala upande wake, wa mlangoni, amenyooka kama ubao, mikono juu ya tumbo. Upepo ulimgusa nyayo. Taa ilimwangukia machoni.

"Kwanza zima taa," binti alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nani analala na taa usoni mchana? Nizime mlangoni?"

"Ukizima mlangoni feni inakufa. Kuna kamba."

Akanyoosha mkono. Kamba ilikuwa kule, upande wa ukutani, kile kisigino cha ngozi kikicheza kwenye upepo juu ya mto wa mkewe. Akajinyoosha zaidi. Vidole vilishika hewa. Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Katika chumba alichotakiwa alale peke yake, alikuwa ametengeneza kazi nzuri kuliko zote za mwaka ule kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, kwa kipimo cha mkono wake.

Binti naye alikuwa ameiona. Alishika shati moja kifuani, hakulikunja.

"Baba," alisema. "Hiyo umemwekea mama."

Soli hakuutoa mkono uliokuwa hewani. "Nilimwahidi," akasema. "Pale dukani. Aliruka, hakufikia."

"Nikusaidie kuihamisha? Tung'oe hicho kikulabu, tukiweke upande huu."

"Iache."

"Sasa utazimaje?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa, na jibu lake lilikuwa moja. Soli aliinua kiuno na kujisogeza. Alipita katikati ya godoro, mahali pasipokuwa pa mtu, kisha mwili ukateremka wenyewe ndani ya bonde dogo alilolichimba mkewe kwa miaka. Lilikuwa fupi kwake, akalazimika kukunja magoti. Mto ulikuwa na harufu, hafifu sana, ya mafuta ya nywele. Aliinua mkono na kisigino cha ngozi kikaja chenyewe kiganjani.

Akavuta. Taa ikazima. Feni ikaendelea.

Hakulia. Alilala amegeukia ukuta, akiwa ameishika kamba, na kitu fulani ndani yake kilianza kuchomachoma, kama mguu unaporudiwa na damu. Hakikuwa kizuri. Alitaka kukisikiliza zaidi, lakini usingizi ukamchukua.

Alipoamka, mwanga wa dirishani ulikuwa umehamia ukuta mwingine. Mashati yalikuwa yamerudi kwenye misumari yake. Begi halikuwepo kitandani. Aliinama, akaliona limewekwa chini ya kitanda, mahali pa lile boksi, zipu imefungwa. Akalipima uzito kwa mguu. Lilikuwa tupu. Lakini halikuwa limeondoka.

Sauti ya binti yake ilitoka barazani, akiongea na simu. "Mwambie ndugu yako atafute kwingine kwanza. Hapana, hajakataa. Amelala tu... Ndiyo, kitandani." Kisha nyayo zikaelekea jikoni, sufuria ikagongana na kitu, na mtu akapiga swichi mara mbili bure.

"Baba! Mbona huku giza? Balbu ya jikoni imekwenda wapi?"

Soli alijilaza tena upande wa ukutani, akitazama mapanga. Maneno yalichukua muda, lakini safari hii yalifika.

"Mama yako aliiazima kwa feni," akajibu kwa sauti. "Mwenyewe ameichukua."

Jikoni sufuria ikawekwa chini. Kisha akamsikia binti yake akicheka, na kicheko kilikuwa kama cha mjomba wake, kikianza upande mmoja na kuishia upande mwingine. Soli aliingoja ile chomachoma irudi. Ilirudi, kidogo. Akavuta kamba kuwasha taa, apate kuviona viatu vyake.